UZI: Kugeuza kalibu za gesicheki zisubu vichwa vya kitako bapa

FundiLeizi (Dayton, Ohio)

Wakuu, salaam. Wengi mmeniandikia pembeni baada ya kuona picha za ile kalibu ya kampuni ya Lyman (chuma cha kumiminia risasi iliyoyeyuka ili kusubu vichwa) niliyoikereza kuondoa nafasi ya gesicheki, kikombe cha shaba cha kitakoni, mkitaka kujua kwa nini mtu achukue kalibu nzima inayofanya kazi na kuipeleka kwenye leizi, mashine ya kukereza chuma. Naona bora nifungue uzi, maana majibu ya pembeni hupotea na anayefuata huuliza yaleyale.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali. Naongelea Marekani, ambako mwenye silaha halali anaruhusiwa kusubu vichwa na kujaza maganda kwa matumizi yake mwenyewe. Aliyeko nyumbani asome sheria ya nyumbani kabla ya kugusa chochote. Sitataja kipimo chochote cha baruti humu. Kwa hilo kuna vitabu vya viwanda, na kipimo cha bunduki yangu si cha bunduki yako.

Hapa Ohio, tangu 2014, kulungu wanawindwa pia kwa raifo za ganda lililonyooka, lisilobanwa shingoni. Ndiyo maana risasi za aina ya .45-70 na .44 Magnum zimejaa madukani huku. .45-70 ni ya mwaka 1873, jeshi la Marekani liliipokea na kichwa cha greini 405, yaani gramu 26 na kidogo, risasi iliyochanganywa na bati, kitako bapa, bila kofia yoyote ya shaba. Kilitoka mdomoni kwa karibu futi 1,350 kwa sekunde. Kumbukeni namba hiyo, nitairudia.

Gesicheki ni kikombe kidogo chembamba cha shaba kinachovalishwa kitakoni mwa kichwa cha risasi. Kilianza mwanzoni mwa karne ya 20 katika kampuni ya Ideal ya John Barlow kule Connecticut, ile ambayo Lyman waliinunua mwaka 1925. Sababu yake ilikuwa ya kweli: baruti isiyo na moshi ilikuja na shinikizo na mwendo ambao risasi tupu haikuuweza. Gesi ilipenya pembeni ya kitako, ikakikwangua, na mtutu ukapakwa risasi ndani mpaka bunduki ikaacha kulenga. Kikombe cha shaba kilitatua tatizo, na wenye raifo za .30-30 na Krag wakaendelea kusubu vichwa vyao.

Ubaya ni kwamba baada ya hapo watengenezaji walitoa michoro mingi mizuri yenye gesicheki peke yake. Ukipenda pua na mikanda (pete nene zinazozunguka kichwa na kubana mtutu) ya kichwa fulani, unapewa na kishina chembamba kitakoni kinachodai kikombe cha kununua. Vikombe havipatikani kila wakati, na kwa mtu anayepiga mwendo wa 1873 havina kazi. Chini ya futi 1,400 kwa sekunde hivi, yaani kama mita 425, kitako bapa kilichosubiwa vizuri, chenye kipenyo sahihi na mafuta mazuri, hakihitaji shaba.

Hapo ndipo wazo la kugeuza kalibu linapokuja: unaondoa kishina, unabaki na mkanda mzima hadi mwisho.

Sasa jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Kitako ndicho kinachoongoza kichwa. Jahazi huongozwa na usukani ulioko tezini, na kichwa cha risasi vilevile. Kinapotoka mdomoni mwa mtutu, kitako ndicho cha mwisho kuachana na chuma, na gesi iliyokuwa imefungiwa nyuma yake inafumuka yote kwa mkupuo. Kitako kikiwa sawa pande zote, gesi inatoka sawa pande zote. Kikiwa na jino, tundu au mwinamo upande mmoja, gesi inawahi upande huo na kukisukuma kichwa mkia. Daktari Franklin Mann wa Massachusetts alitumia miaka mingi kwenye majaribio ya namna hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 1909: aliharibu pua za vichwa kwa makusudi na shabaha ikapungua kidogo tu, akaharibu vitako na shabaha ikatawanyika. Harry Pope, fundi wa mitutu ambaye wapiga shabaha wa Marekani wanamtaja mpaka leo, aliwafanya wateja wake waingize kichwa kupitia mdomoni mwa mtutu na ganda kupitia nyuma, ili mikwaruzo ya mifereji ya ndani ya mtutu isivute nyuzi za risasi kuelekea kitakoni.

Kwa hiyo ukigeuza kalibu, unakata sehemu ile hasa isiyosamehe. Kosa la elfu chache za inchi kwenye pua ungeishi nalo. Kitakoni huwezi kuishi nalo.

Njia ninazozijua ni tatu.

Ya kwanza ndiyo ninayoitumia: kukereza kwa ndani kwenye leizi. Mapande mawili ya kalibu yanafungwa pamoja bila mikono, yanashikwa kwenye chaki (kishikio cha leizi) ya taya nne, unatafuta kitovu cha tundu kwa dayo geji (saa ya sindano inayopima mchezo mdogo), kisha unaingiza kisu chembamba cha ndani na kupanua kishina mpaka kiwe na kipenyo cha mkanda wa mwisho. Kwenye .44 kishina ni chembamba kuliko mkanda kwa kama thau 25 hadi 30 (thau moja ni sehemu ya elfu ya inchi), na urefu wake ni karibu sehemu ya kumi ya inchi. Unachoondoa ni pete nyembamba sana. Uzito wa kichwa unaongezeka kama greini tano tu, ambazo ni kama uzito wa kikombe ulichoacha kukivalisha, kwa hiyo kichwa kinabaki kilekile.

Ya pili ni rima (kipanua tundu) ya mkono. Unatengeneza kikatio cha nusu duara kutoka kwenye fimbo ya chuma cha vifaa, unakitia moto na kukizima ili kiwe kigumu, na unafunga bamba la kuongozea mahali pa bamba la kukatia (lile la juu ya kalibu linalokata risasi iliyozidi) ili kikatio kisiyumbe. Inafaa sana kwa kalibu za aluminiamu kama za Lee. Kwa chuma cha Lyman inahitaji subira.

Ya tatu ni kukwangua sehemu yote ya juu ya kalibu kwenye mashine ya milingi, kiasi cha urefu wa kishina, ili mkanda wa mwisho ufike juu. Ni rahisi kuliko zote kuisimulia, lakini kichwa kinapungua. Kwenye .44 unapoteza greini 35 hivi. Cha 250 kinakuwa cha 215. Na tundu la skrubu ya bamba linabaki fupi, itabidi uliongeze kina na kukata uzi upya. Hii siipendi, ila kwa kichwa chepesi cha bastola ya mazoezi ina maana.

Karibuni.

---

Kalulu_TX (Houston)

Mkuu asante sana, somo limeshiba. Swali la mtu mvivu kidogo: kwa nini nisisubu tu na kalibu ilivyo, nikaacha kuvalisha kikombe? Kishina kibaki wazi. Kuna jamaa hapa klabuni wanafanya hivyo na wanapiga vizuri tu kwenye makopo.

---

FundiLeizi

Kaka Kalulu, wanapiga, sikatai. Kwa mwendo wa chini na umbali wa makopo utaona kichwa kinaenda. Shida iko pale kishina kinapokutana na mkanda. Lile bega ndilo linakuwa kitako chako cha kweli kwa upande wa kuzuia gesi, na halikuchorwa kwa kazi hiyo: pembe yake ni ya kuegemea kikombe, na kalibu nyingi zina mviringo mdogo hapo. Gesi inazunguka kishina na kubana kwenye bega. Siku moja kundi linakaa vizuri, siku nyingine linafunguka na hujui sababu.

Kama unataka kujua kabla ya kukata, hiyo njia yako ni jaribio zuri. Subu kadhaa, piga bila kikombe kwa mwendo uleule unaokusudia. Vikiridhisha, basi kalibu yako usiiguse.

---

DuaraKamili (Minneapolis)

Kwa heshima zote, FundiLeizi, mimi napinga. Kuna watengenezaji wadogo Marekani hii ambao unawaandikia mchoro wako na wanakukatia kalibu ya kitako bapa yenye kipenyo unachotaka, hadi thau. Michoro yenyewe ipo ya zamani na bora: mchoro namba 429421 wa Elmer Keith, mwandishi maarufu wa bunduki, ni kitako bapa tangu mwanzo. Keith mwenyewe hakuwa na hamu na gesicheki, na alipiga vichwa hivyo kwa kasi ambayo watu walidhani haiwezekani. Kwa nini mtu ahatarishe kalibu nzuri?

Na kuna suala la thamani. Kalibu za zamani za Ideal na Lyman kuna watu wanazikusanya. Ukishaikata hairudi.

---

FundiLeizi

Bwana Duara, kwenye la kukusanya niko nawe kabisa. Kalibu yenye chapa ya Ideal iliyo nzima isikatwe, hata kama ni ya mchoro wa kawaida. Muuzie anayeitunza na ununue nyingine.

Kwenye la Keith pia nakubali. 429421 haina mpinzani kwenye bastola. Lakini kuna michoro ya Ray Thompson, 429244 na 358156, iliyochorwa kwa gesicheki. Ile ya .38, 358156, ina mifereji miwili ya kubania ganda, kwa hiyo kichwa kimoja kinatumika kwenye .38 Special na .357 kwa urefu tofauti. Kalibu yake iliyotumika, yenye kutu kidogo nje lakini tundu safi, unaipata kwenye meza za maonyesho ya bunduki kwa bei ya chini. Hizo ndizo ninazozikata.

Na ndiyo, asiye na leizi wala rafiki mwenye leizi aende kwa hao watengenezaji wadogo. Nasema hivyo moja kwa moja. Drili ya mkononi isitumike kwenye kalibu. Hata drili ya mezani ikiwa mhimili wake unacheza, tundu litakuwa yai.

---

Mkongo_Boise (Idaho)

Ndugu FundiLeizi, mimi nafanya kazi kiwandani, leizi ninaruhusiwa kuitumia baada ya zamu. Nieleze namna ya kupata kitovu. Tundu la kalibu limegawanyika katikati, dayo geji inaruka kwenye ule mstari. Halafu kalibu yangu ina matundu mawili, hakuna lililo katikati ya pande.

---

FundiLeizi

Swali zuri sana ndugu yangu, hapa ndipo kazi nzima ilipo.

Usisome kishina kwa dayo geji. Kishina ndicho unachokiondoa, na mara nyingine hakikuwa katikati ya mikanda tangu kiwandani. Soma mkanda. Njia ninayoipenda: subu kichwa kimoja kizuri kwa risasi ngumu, kirudishe ndani ya kalibu, funga mapande. Kabla ya hapo, kwenye kichwa hicho, toboa kitako katikati na uchomeke pini iliyonyooka itakayochomoza juu ya kalibu, ukiwa umekishika kwa mikanda yake kwenye koleti (kishikio cha duara cha leizi). Sasa una fimbo inayotoka kwenye kitovu halisi cha mikanda. Weka dayo geji juu ya fimbo hiyo, zungusha chaki kwa mkono, rekebisha taya moja moja mpaka sindano isicheze zaidi ya nusu thau. Soma karibu na uso wa kalibu na tena juu ya fimbo. Zikitofautiana, kalibu imeinama kwenye chaki, na kitako chako kitaegemea upande.

Kwa matundu mawili, kalibu itakaa pembeni ya chaki. Hiyo ni kawaida ya taya nne, ila uzito hauko sawa, kwa hiyo zungusha polepole. Funga mapande kwa kibano kidogo cha ziada kinachopita kwenye mstari wa kugawanyika, maana taya zikibana upande usiofaa zinafungua mapande kwa kiasi ambacho jicho halioni, na utakata tundu la mviringo wakati limefunguka. Likifunga linakuwa bapa.

Kata kidogo kidogo, thau tatu mwanzoni, moja mwishoni. Simama kabla ya kufika kipenyo cha mkanda kwa nusu thau. Kina kiishie pale pale kwenye bega. Ukiona alama ya kisu imegusa ukingo wa mkanda na kung'aa mduara mzima, umefika.

Halafu toa kalibu, fungua, na uangalie ukingo wa juu kwa lenzi. Kutakuwa na vinywele vya chuma vimelala kuelekea ndani ya mstari wa kugawanyika. Hivyo ndivyo vinavyozuia mapande yasifunge na kutoa mapezi (risasi iliyovuja kwenye mstari) kwenye vichwa. Vitoe kwa kijiti cha mbao na unga wa kusugulia, kamwe si kwa tupa kuelekea ndani. Kisha, kwenye ukingo wa juu wa mstari ule, pitisha jiwe laini mara moja tu kila upande, upate mfereji mdogo kama unywele. Hewa inahitaji mahali pa kutokea wakati risasi inaingia. Kitako chenye pembe za mviringo, kama sabuni iliyotumika, mara nyingi ni hewa iliyonaswa chini ya bamba.

---

Mkongo_Boise

Nimeelewa sana. Aksanti. Ile ya fimbo kwenye kichwa sikuwahi kuifikiria.

---

DadaKisauni (Mombasa)

Samahani naingilia, mimi si wa bunduki. Nafanya kazi ya afya ya mazingira, na nimeona watu wanazungumzia kuyeyusha risasi bila mtu hata mmoja kutaja sumu. Sisi huku tunalijua jambo hili kwa uchungu. Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri katikati ya makazi kuanzia 2007 hadi 2014. Watoto waliumwa, watu walikufa, Phyllis Omido akapigania jambo hilo mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na kesi imefika Mahakama ya Juu. Risasi ikishaingia kwenye mifupa ya mtoto haitoki kirahisi.

Naomba mseme, hiyo sufuria mnaweka wapi? Nani anafagia?

---

FundiLeizi

Dada yangu, huingilii chochote. Hili lilipaswa kuwa kwenye chapisho la kwanza na nashukuru umelileta kwa uzito wake.

Mimi nayeyushia nje ya nyumba, kwenye banda lililo wazi pande mbili, na hakuna mtoto anayeingia humo, iwe nimewasha au nimezima. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, na tunasubu kwenye 370 hadi 400. Kwa joto hilo mvuke wa risasi si mwingi. Kinachoua polepole ni vumbi: yale majivu ya kijivu na manjano unayoyakwangua juu ya sufuria, na alama kwenye vidole unavyopeleka mdomoni. Kwa hiyo sili, sinywi, sivuti karibu na meza hiyo. Viatu na nguo za kazi havivuki mlango wa nyumba, vinafuliwa peke yake. Sifagii makavu, napangusa kwa kitambaa chenye maji. Takataka za juu nazihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Na ninapima damu kila mwaka. Kwa watoto, taasisi ya afya ya Marekani, CDC, imeshusha kiwango cha kuanza kushtuka kuwa mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu tangu 2021. Hakuna kiasi kinachoitwa salama kwao.

Na hili la betri nilisisitize kwa wote: USIYEYUSHE SAHANI ZA BETRI. Humo kuna asidi, antimoni, wakati mwingine aseniki na kalsiamu. Masalia yake yakikutana na maji au unyevu yanaweza kutoa gesi ya aseniki au ya antimoni, na hizo zinaua. Nunua risasi safi ya viwanda, au vipande vya mabomba na karatasi za paa za zamani.

Jambo la pili la hatari ni maji. Tone moja likiingizwa chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke mara moja, na sufuria nzima inaruka juu. Kila kipande kipya kiwekwe kwenye sufuria baridi, au kipashwe moto pembeni kwanza mpaka kikauke kabisa. Miwani, glovu za ngozi, viatu vya kufunika, mikono mirefu.

---

DadaKisauni

Asante kaka. Nimeridhika na jibu. Wengine mliosoma, hiyo aya ya betri msiipite haraka.

---

Nyuki_Sikonge (Tabora)

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Sikonge, kwetu bado kuna magobore. Je, kalibu kama hizi naweza kutumia kwa gobore la babu? Na hayo mafuta mnayopaka ni nta ya aina gani? Nauliza kwa sababu nta ndiyo kazi yetu huku.

---

FundiLeizi

Marahaba mdogo wangu. Kwanza sheria: Tanzania kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Kumiliki gobore kunataka leseni, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Kwa hiyo kwa upande huo sikupi maelekezo, na babu kama gobore lake halina karatasi, msaidie aende kituoni alisajili au alisalimishe. Zaidi ya hilo, magobore mengi ya kienyeji yametengenezwa kwa bomba ambalo halikupimwa kwa shinikizo lolote. Yamewapasukia watu mikononi.

Kwa upande wa ufundi, gobore na gesicheki havikutani. Bunduki ya kushindilia yenye mtutu laini ilitumia tufe, na kitako hakina maana kwenye tufe.

Nta sasa, hapo ndipo wewe ni mwalimu wetu. Mafuta maarufu zaidi ya vichwa vilivyosubiwa hapa Marekani ni nusu nta ya nyuki na nusu Alox (mafuta mazito ya kiwandani), mchanganyiko uliosambazwa na NRA, chama cha wenye bunduki. Kwa baruti nyeusi watu wanachanganya nta na mafuta ya mnyama au ya mboga, kwa sababu mafuta ya petroli na masizi ya baruti nyeusi yanaganda kama lami. Nta nzuri, isiyochakachuliwa kwa parafini, ndiyo msingi wa yote. Pia tunatupia kipande cha nta kwenye sufuria ili takataka zipande juu na bati lirudi kwenye risasi. Machujo ya mbao yanafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Nta ya Tabora ingekuwa na soko zuri kwa watu hawa.

---

Zuberi_Muscat

Assalaam alaykum. Nafuatilia uzi huu nikiwa Oman. Huku bunduki ya Martini-Henry ni kitu cha heshima, Muscat ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya bunduki mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo utaziona kwenye soko la Nizwa. Wazee wangu waliokuja kutoka Unguja wana moja nyumbani, haipigwi, inaning'inia ukutani. Nilisoma kwamba kichwa chake kilifungwa karatasi. Je, hiyo karatasi ndiyo gesicheki ya zamani?

---

FundiLeizi

Wa alaykumu salaam ndugu Zuberi. Martini ya 1871 ilipiga kichwa cha greini 480, na kweli kilizungushiwa karatasi. Kazi yake kuu ilikuwa kuzuia risasi isigusane na chuma cha mtutu kwa pembeni, na ncha ya karatasi ilikunjwa chini ya kitako. Kwa hiyo inafanya sehemu ya kazi ya gesicheki, na zaidi, maana inalinda kiwiliwili chote. Kinapotoka mdomoni karatasi inachanika na kudondoka. Wapo wanaofanya hivyo mpaka leo kwa .45-70, na kalibu zao ni laini kabisa, hazina mikanda wala mifereji ya mafuta. Ni ufundi mzuri, unastahili uzi wake.

Iache ukutani hiyo ya wazee. Pakeni mafuta chuma tu.

---

Mama_Sacramento

Nyongeza kwa walioko California: tangu Julai 2019 kuwinda mnyama yeyote kwa risasi ya madini ya risasi ni marufuku jimbo zima. Ilianza kwa ajili ya kondo, wale tai wakubwa wanaokula mizoga na kumeza vipande vya risasi. Kwa hiyo vichwa hivi huku ni vya kwenye uwanja wa shabaha tu. Mume wangu anasubu, anapiga uwanjani, na akienda kuwinda anabeba vya shaba.

---

FundiLeizi

Asante sana mama. Na mahali ambako inaruhusiwa, ukichinja, ondoa nyama yote inayozunguka njia ya risasi, pana, usiwe mchoyo. Mizoga na matumbo yazikwe.

---

Kalulu_TX

Mkuu, umenishawishi, nimepata rafiki mwenye leizi. Swali la mwisho: mchanganyiko gani wa risasi? Nina vizito vya magurudumu (vile vya kusawazisha matairi) ndoo nzima. Na kipenyo?

---

FundiLeizi

Kipenyo kwanza, kwa sababu ndicho kinachoamua. Sukuma kipande cha risasi laini kupitia mtutu mtupu, kwa fimbo ya mbao au shaba nyeupe, kipime kwa maikromita mahali pana zaidi. Kichwa chako kiwe kikubwa kuliko hapo kwa thau moja au mbili. Kwa bastola, pima pia midomo ya silinda. Ikiwa midomo ni midogo kuliko mtutu, hakuna kalibu itakayokusaidia, silinda inabidi ipanuliwe kwanza. Watu hukimbilia risasi ngumu wakiona mtutu umepakwa, wakati kichwa chao ni chembamba.

Kwa ugumu: kitako bapa kinapenda risasi ambayo shinikizo linaweza kuisukuma ikajaa mtutu. Risasi safi ni 5 kwenye kipimo cha Brineli, bati moja kwa risasi 20 inafika 10 hivi, vizito vya magurudumu vya zamani kama 12, mchanganyiko wa Lyman Namba 2 ni 15, na metali ya lainotaipu ya wapiga chapa ni 22. Kwa mwendo wako vizito vinatosha, ongeza bati kidogo, asilimia mbili, ili kalibu ijae pembeni mwa kitako. Ila vichague kimoja kimoja: majimbo kadhaa yamepiga marufuku vya risasi, kwa hiyo ndoo yako ina vya zinki na chuma ndani. Vya zinki vimeandikwa Zn. Zinki ikiyeyuka kwenye sufuria yako, vichwa vinaanza kukataa kujaa. Kaa chini ya nyuzi 400, zinki itaelea bado ngumu na utaiopoa.

Kalibu ikishakatwa, angalia bamba la kukatia. Lisugue kwenye kioo kwa msasa laini mpaka uso wote ung'ae, lifunge liweze kuzunguka kwa uzito wake lenyewe bila kuinuka. Kata kichirizi (risasi iliyoganda juu ya bamba) mara tu kinapopoteza mng'ao na kuwa na baridi kidogo. Ukiwahi, risasi inapakaa bamba. Ukichelewa sana na kugonga kwa nguvu, inang'oka na kuacha tundu katikati ya kitako. Kila kichwa kigeuze uangalie kitako kwanza. Chenye pembe butu, tundu au pezi kinarudi sufuriani, hata kama pua yake ni nzuri kama ya dukani.

---

Kalulu_TX

Nimekopi yote. Nitapost vitako tu, pua nitaacha.

---

FundiLeizi

Weka na rula pembeni kwenye picha, kaka, na upige kwa mwanga wa ubavuni ili mwinamo uonekane.